Maji ya Kupoza Injini

Mume wangu alizikwa siku ya Jumapili. Wiki ya tatu baada ya mazishi, shemeji yangu, mdogo wake, alikuja kufungua kinu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa na kinu cha kusaga mahindi na wimbi pale sokoni Manga, chumba cha mabati chenye injini moja ya dizeli ambayo mume wangu aliinunua ikiwa imeshatumika.

Siku zote hizo nilikuwa nimekaa tu nyumbani. Wanawake wa kanisa waliingia na kutoka, wakanishika mikono, wakaimba, wakaniambia nilie. Sikuwa na machozi. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake hadi ukafa ganzi, akiamka anaugusa na kuona kama ni wa mtu mwingine. Niliitikia kila salamu. Nilikamua ng'ombe. Mtu akiniuliza kama nimelala vizuri, nilisema ndiyo.

Asubuhi ile injini haikufikisha hata saa moja. Nikiwa nyumbani nilisikia mlio wake ukiwa mzito, kisha ukakatika. Nilipofika, chumba kilijaa mvuke, na wateja walikuwa wamesimama nje na vikapu vyao. Shemeji alikuwa akipuliza vidole vilivyoungua.

"Imechemka," alisema. "Hii imezeeka, shemeji. Tuiuze."

Niliingia ndani nikakaa karibu na injini. Mle hakuna aliyeniuliza ninavyojisikia.

Injini ile ilipozwa kwa maji. Kando yake palikuwa na pipa lenye mabomba mawili: la chini lilipeleka maji baridi kwenye injini, la juu liliyarudisha yakiwa moto. Yalipopoa nilifungua bomba la chini. Yalitoka mekundu na mazito, kama ya mtaro baada ya mvua. Nilijaza chupa moja. Kesho yake niliivaa kanga yangu ya kwendea mjini nikaenda Kisii.

Mwenye duka la vipuri alinionyesha mkebe mzuri wenye maji ya kijani ndani. Alisema wenye magari makubwa wote wanatumia hayo. Nilitaka kwanza kumwuliza mtu anayeshika injini kwa mikono yake, nikavuka barabara hadi gereji. Fundi wa pale alikuwa mtu wa huko ziwani, mrefu, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliinua chupa yangu juani akaitazama.

"Maji haya mnateka wapi, mama?"

"Kijitoni, chini ya kilima."

"Na mnatia nini ndani?"

"Magadi. Mume wangu alikuwa akitia magadi kidogo."

"Birika lako nyumbani, umeliona lilivyo ndani?"

Nilikumbuka ule ukoko mweupe. Akaniambia injini yangu nayo imeota ukoko kama huo, na juu yake kutu, ndiyo maana joto halina pa kutokea.

"Mwenyewe kwa nini hakuja?" akauliza.

"Amekufa."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema duka limefungwa. Fundi alishusha chupa.

"Pole sana, mama."

"Asante. Na ule mkebe wa kijani?"

"Ule kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasigande kwa baridi. Manga maji yanaganda?"

"Hapana."

"Kutu utazuia, ni kweli. Lakini maji yake ni sumu, na ni matamu. Ng'ombe akilamba yaliyomwagika, umempoteza."

Ng'ombe wetu alikuwa akilala nyuma ya kinu. Mkebe wa kijani ukaishia hapo.

Alichonishauri kilikuwa mafuta ya rangi ya kahawia yanayokubali kuchanganyika na maji. Watu wa karakana huyatumia wakikata chuma. Lita moja kwa pipa zima, akasema, na maji yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati. Ukizidisha yanafanya utando. Kisha akauliza kama mabomba yangu yamefungwa kwa mpira popote.

"La chini lina mpira wa baiskeli. Mume wangu aliufunga palipovuja."

"Huo utoe. Mafuta yatauvimbisha, utaoza."

Nilirudi na mafuta na kipande cha bomba jipya. Shemeji hakufurahi.

"Ndugu yangu alitia magadi miaka yote," alisema. "Leo ndiyo umeona hayafai?"

"Njoo uone kilichotoka ndani."

Alikuja, akatazama lile tope kwenye karai. Hakusema tena habari ya kuuza. Tuliiosha injini kwa maji moto mara tatu, na kila mara yalitoka magamba, mengine mapana kama ukucha. Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

Kisha ukabaki ule mpira. Mume wangu aliufunga mwaka uliotangulia, mizunguko mingi, ameuvuta kwa nguvu na kumalizia kwa fundo dogo la waya. Kazi zake zote zilikuwa hivyo, hakupenda kitu kilegee. Nilimwambia shemeji atoke nje kidogo. Nilichukua kisu cha jikoni nikakata fundo, nikauzungusha mpira nyuma, mzunguko baada ya mzunguko. Chini yake chuma kilikuwa safi. Nilisubiri. Nilidhani sasa machozi yatakuja, yale waliyoniambia wanawake wa kanisa. Nilikaa pale kwa muda wa kutosha, mpira mkononi. Hayakuja. Niliuweka kwenye takataka, nikamwita shemeji tufunge bomba jipya.

Mvua haikunyesha kwa siku tisa. Wateja walibeba nafaka zao hadi kinu kingine cha mbali, na baadhi yao walinipita bila kusema kitu. Siku ya kumi mawingu yalikuja mapema, mchana, na mvua ikapiga mabati kiasi cha watu kushindwa kusikilizana. Nilisimama chini ya mchirizi nikijaza ndoo na kuzimimina kwenye pipa. Lilipojaa, nilitia mafuta yale polepole. Maji yakawa meupe kama maziwa.

Shemeji alizungusha mkono wa injini. Iliwaka mara ya pili. Tulisaga mpaka jioni, na kila baada ya muda alikuja kuweka kiganja chake juu ya pipa.

"Ni vuguvugu tu," alisema, akacheka. Kicheko chake kilifanana na cha kaka yake. Nililiona hilo, nikaendelea kupima unga.

Siku hizi binti yangu huniuliza nililia lini. Simdanganyi, sikumbuki. Ninachokumbuka ni jioni ile, nimefika nyumbani nguo zikiwa nyeupe kwa unga, nikasonga ugali wa wimbi nikaula nimesimama jikoni, mboga ikiwa bado haijaiva. Nilikula mwingi. Kisha nikaosha sufuria, na asubuhi nikaenda kinuni kupima maji ya pipa.