Mjerumani, Mjapani na Benchi la Watu Watatu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya picha sikuishika kamera. Nilipewa kikombe cha maji nikaambiwa nionje.

"Yana chumvi?" aliniuliza mwenye studio.

"Kidogo."

"Kidogo ni nyingi. Kamwage, ukachote kwingine."

Ilikuwa Mtwara, miaka ya sitini mwanzoni. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, si kwa kukosa akili, ila miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikwisha kupalilia mikorosho Newala, nikawa utingo wa lori la Masasi, nikabeba magunia bandarini, na kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa. Hii ya picha niliifuata kwa sababu nilitaka kujua mtu anaingiaje kwenye karatasi. Mwenye studio, mzaliwa wa Mikindani ambaye mji mzima ulimwita Fundi Mkuu, aliyasikiliza maswali yangu, akanibandika jina la Kiguu na Njia, akasema, "Kaa wiki moja. Siku ukiondoka, acha ndoo." Nikakaa miaka kumi na kitu.

Habari ya maji ilikuwa hivi. Picha ikitoka katika dawa huoshwa kwa maji mengi. Ukiiosha kwa maji ya chumvi, chumvi hubaki ndani ya karatasi, huvuta unyevu wa pwani, na masika moja yakipita uso wa bibi harusi unakuwa na madoa kama aliyeugua ndui. Dawa zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza huitoa picha. Ya pili huizuia isiendelee kuwa nyeusi. Hiyo ya pili ilikuwa na jina la Kizungu, "hypo", ambalo midomoni mwetu liligeuka likawa "haipo". Kwa hiyo Fundi Mkuu akiwa ndani ya chumba cha giza alipiga kelele, "Haipo ipo?" nami nje nikajibu, "Haipo haipo, Fundi!" Siku moja mkulima wa Likombe aliyekuja kuchukua picha ya mkewe aliyasikia hayo, akatoka kwa hasira akitangaza sokoni kwamba studio imempotezea mke. Nilimkimbilia na bahasha mkononi.

Kamera ya Fundi Mkuu tuliiita Mjerumani, kwa sababu ilitengenezwa kwao. Jina la kiwanda lilikuwa limeandikwa usoni, lakini hakuna aliyelitaja. Ilikuwa sanduku lenye macho mawili, moja juu ya jingine: la chini hupiga, la juu humwonyesha fundi anachopiga. Huinui usoni. Unaitundika kifuani, unafungua kifuniko cha juu, unainama, na unamwona mteja wako juu ya kioo kidogo cha mraba. Kioo hicho kina tabia moja: hugeuza kushoto kuwa kulia. Mtu akisogea huku, ndani ya kioo anasogea kule. Mwanafunzi huhangaika nacho miezi, kila mara akiigeuza kamera upande usiotakiwa. Fundi Mkuu alikwisha kukizoea kiasi kwamba mgeuko wenyewe hakuuona tena.

Baadaye ofisi ya habari ya mkoa ililetewa mpiga picha wa serikali, kijana mtanashati kutoka bara. Cheo chake kilikuwa kirefu. Sisi tukamwita Bwana Habari. Yeye alikuja na Mjapani: kamera ndogo, unaiweka jichoni, unaona dunia ilivyo. Hakuwa na chumba cha giza cha maana, basi jioni alikuja kutumia chetu, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Yalidumu miaka.

"Mzee wangu," Bwana Habari alikuwa akisema, "wewe ukipiga picha unainama kama umedondosha sindano. Dunia iko mbele yako!"

"Na wewe unachungulia tundu la ufunguo. Nyumba ya nani?"

"Mkanda wangu una picha thelathini na sita. Wako kumi na mbili."

"Ndiyo maana mimi hufikiri kabla, wewe baadaye."

"Harusi ya Rahaleo juzi, bwana harusi alipojikwaa mkekani, uliipata hiyo?"

"Aibu ya mtu siitafuti, bwana mdogo."

Chini ya mzaha palikuwa na hoja. Filamu ya Mjerumani ni pana kama kiganja cha mtoto. Unaweza kuichonga kwa penseli ukaondoa kovu la chunusi, na huko vijijini pasipo na umeme unailaza juu ya karatasi ya picha, unaifunika kwa kioo, unaianika juani kidogo, basi. Ya Mjapani ni kama ukucha. Bila mashine ya kukuzia, yaani bila umeme, huna kitu, na mteja mmoja wa picha ya pasi atasubiri hadi wenzake wengi waujaze mkanda. Lakini Mjapani ni mwepesi, jicho lake hubadilishwa kwa mbali na karibu, na filamu yake ilikuwa ikipatikana. Ile ya Mjerumani ilianza kuadimika madukani. Fundi Mkuu aliyajua hayo, na usiku hakulala vizuri. Kubadili kamera mtu wa umri wake ni kama kubadili mkono wa kulia. Mimi nilitaka tu kuzifungua zote mbili nione zilivyo ndani. Wote wawili walinikataza.

Mambo yakafika mwisho kwa sababu ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mto wa mpakani. Watu walikuwa wakivuka mto na watoto na vitanda vichwani, na serikali ikataka kila mtu mzima awe na cheti chenye picha. Bila cheti huwezi kupita kizuizi cha barabarani kwenda mjini. Afisa wa mkoa aliyehusika na wageni hao alimwomba Bwana Habari, naye akasema kazi ni kubwa, Fundi Mkuu aje. Akamkabidhi Mjapani. "Ifanye kazi hii nayo, Mzee wangu. Tukirudi uniambie kama bado unamtaka yule bibi yako wa Kijerumani."

Tulikwenda kwa gari la serikali hadi kijiji kimoja karibu na mdomo wa mto: Afisa, karani wake, Bwana Habari, Fundi Mkuu na mimi. Nilichukuliwa kwa sababu Kimakonde nilikiokota Newala. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye mikorosho. Mbele kabisa alisimama mwanamke aliyeitwa Mama Lusia, amembeba bintiye wa kama miaka sita, mguu umevimba umefungwa matambara. Mganga wa zahanati alikwisha kumwambia ampeleke hospitali ya Mtwara upesi, la sivyo mguu utakatwa. Alichokuwa akingoja ni cheti tu.

Afisa akapanda juu ya sanduku. "Ndugu zangu, leo wote mtapigwa picha!"

Kiswahili cha wale watu kilikuwa cha miezi michache. Neno picha wengi hawakulijua. Neno kupigwa walilijua.

Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, Fundi Mkuu, akitaka kujaribu mwanga, alimwinua Mjapani usoni, akafumba jicho la kushoto, akamwelekea Mama Lusia. Mtoto akapiga yowe. Mama akalala chini juu yake, akamfunika kwa mwili wake, na nyuma yake umati wote ukaanguka kama nyasi. Waliokuwa pembeni wakakimbilia mikoko.

Nilikwenda nikachuchumaa karibu na Mama Lusia. Alisema kwa lugha yao, uso bado mchangani, "Kule kwetu aliyefumba jicho moja hivyo, bunduki usoni, alimuua mume wangu."

Nikatafsiri. Halafu Afisa akasema hana siku nyingine ya gari, na asiyetaka picha basi hana cheti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba.

Fundi Mkuu alimrudisha Mjapani kwenye mkoba. Akamtoa Mjerumani, ambaye hakuna aliyemwambia amlete, akafungua kifuniko, akamwita Mama Lusia kwa mkono. Akamwonyesha kioo. Ndani yake alikuwamo binti, amekaa juu ya kanga, mdogo kama tende. Mama akatazama, akamtazama mtoto mwenyewe, akatazama tena.

"Sasa na mimi nitakutazama hivyo," Fundi Mkuu alisema. "Nikiinama. Mwambie, Kiguu na Njia. Na hilo neno lenu la kupiga liacheni."

Watu wakarudi mmoja mmoja. Shida ikawa mikanda: ya Mjerumani ilikuwa michache, watu ni wengi. Fundi Mkuu akaomba benchi la shule, akawakalisha watatu watatu, mabega yakigusana. Filamu ile pana ingezibeba nyuso tatu, na karatasi ingekatwa kwa mkasi. Kila aliyekaa alitaja jina, na Fundi Mkuu, kichwa ndani ya sanduku, alimtajia karani aliyekuwa akiandika nyuma yake: wa kushoto fulani, wa kati fulani, wa kulia fulani. Mama Lusia alikaa mwisho mmoja wa benchi la kwanza, na mwisho wa pili alikaa Mzee Anjelo, mchonga vinyago mwenye ndevu nyingi na maneno mengi. Hata Bwana Habari alivua kofia. "Hilo la benchi," alisema, "kwa Mjapani lisingewezekana."

Studio tulichapa, karani akakata na kubandika kwa namba bila kutazama nyuso. Wiki iliyofuata tukarudi kugawa.

Mama Lusia alikuwa wa kwanza kuitwa. Mtoto alikuwa mgongoni, homa imempanda, hata nzi hakuwafukuza. Mama akakipokea cheti, akakitazama. Kilikuwa na ndevu.

"Mimi je?" Mzee Anjelo akachukua chake, akacheka hadi akakaa chini. "Jamani, nimekuwa mama wa watoto wanne! Nani atanisaidia kutwanga?"

Kijiji kizima kikacheka, cheti kikapita mkono kwa mkono. Mama Lusia peke yake hakucheka. Alikuwa akiliangalia gari.

Afisa alikwisha kukunja uso. "Virudi vyote Mtwara. Tutatengeneza upya. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao mtoto huyu hana mguu, ndugu," nilisema.

Fundi Mkuu alivikusanya vyeti vya benchi moja, akavipanga juu ya boneti. Akavitazama. Kisha akashika paji la uso. "Wa kati ni sahihi," alisema polepole. "Wa kati wote ni sahihi. Wa pembeni wamebadilishana." Akageuka. "Nilisoma majina kama nilivyowaona kwenye kioo. Kushoto kwa kioo ni kulia kwa karatasi. Karatasi inasema kweli. Mimi ndiye niliyesema kinyume."

"Nilikwambia miaka yote, Mjerumani mwongo!" Bwana Habari alisema.

"Baadaye, bwana mdogo. Nipe kitambaa na maji."

Hakuna picha iliyohitaji kurudiwa. Kwa kila benchi ilikuwa ni kubandua picha za pembeni na kuzibadilisha. Tulizilowesha kwa kitambaa, zikabanduka. Gundi ya ofisi ilikuwa Mtwara, kwa hiyo Mzee Anjelo akabandua utomvu kwenye magome ya mikorosho, ule anaogundishia vinyago vyake, akauponda na maji. Afisa, ambaye sasa ilimbidi agonge upya juu ya picha zilizohamishwa, aliushika muhuri wake kifuani. "Cheti chenye mihuri miwili nitakieleza vipi kwa wakubwa?"

"Andika nyuma kwamba fundi alikosea," Fundi Mkuu alimjibu. "Jina langu nitatia mwenyewe, kwenye kila kimoja."

Akatia. Yeye, ambaye kila picha iliyotoka studio kwake ilikuwa na muhuri wa jina lake kwa fahari, alikaa mchana kutwa akiandika jina lile lile chini ya neno "nimekosea". Cha Mama Lusia kilikuwa cha kwanza. Afisa akagonga muhuri, akamfungulia mlango wa mbele wa gari, dereva akaondoka naye na mtoto, sisi tukabaki hadi liliporudi. Mguu haukukatwa. Binti alibaki na kuchechemea, na nilimwona baadaye sokoni Mtwara akiuza mihogo na kunipunja.

Tulipokuwa tukirudi mjini, Bwana Habari aliuliza swali lake la siku zote: unabadili au hubadili?

"Nabadili," Fundi Mkuu alisema. "Filamu zinakwisha, na macho yangu yamezoea kioo kuliko watu. Ila utanivumilia kwa jambo moja."

Jambo hilo lilimchukua miezi kujifunza. Alimshika Mjapani jichoni kama wengine, lakini hakufumba jicho la pili. Ukifanya hivyo mwanzoni unaona dunia mbili zinagombana, kichwa kinauma. Alijizoeza studio, akinipiga mimi bila mkanda, jicho moja ndani ya kamera na jingine wazi, limenitazama. Bwana Habari alimcheka, halafu siku moja nikamkuta naye anajizoeza, amejificha nyuma ya pazia.

Mimi niliondoka baada ya hapo, maana kazi nilikwisha kuielewa. Nilipiga picha Lindi, nikapiga Songea, nikafanya kazi katika chumba cha giza cha ofisi ya Bwana Habari alipopandishwa cheo, na mwisho nikawa na kibanda changu cha picha za pasi hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Nimeshika kamera za nchi nyingi. Zote nimezifungua nikaona ndani, na hakuna iliyonishangaza sana.

Vijana wa kazi hii bado wananijia nyumbani kuniuliza ipi ni bora, waache hii washike ile? Namwambia kijana ainue kamera yake, anilenge. Yeye hudhani naiangalia kamera. Mimi naangalia lile jicho lake jingine, kama limefumbwa.