Chai Kabla ya Majibu

Kipimo kilikuwa cha bure, na hilo ndilo lililowavuta wasichana wa kazi za ndani. Dukani mwuza dawa alikutazama vidole kutafuta pete kabla hujasema unachotaka. Lakini pale Bani Malik, Jeddah, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa ya tatu, mwanamke wa kwetu Kenya aliwapima mimba kila Ijumaa mchana bila kumwuliza mtu kama ameolewa. Tulimwita Mum. Alikuwa na ikama halali ya kuishi nchini, chapati laini, na kabati lililojaa nguo za watoto wachanga alizotumiwa na wafadhili wa ng'ambo. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kupika chai.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Msichana aliingia bafuni na kikombe cha plastiki, akakitoa, Mum akakichukua na kwenda nacho chumbani kwake, akafunga mlango. Kijiti cha kupimia hutoa jibu kwa dakika tano. Mum alirudi sebuleni na uso usiosema kitu, kijiti kimo mfukoni mwa dera, akaketi, na mimi nikaleta chai. Kisha yakaanza mashauri. Mtoto ni baraka. Fulani alitoa mimba akafa, fulani akaishi lakini akawa hana akili. Saa nzima msichana alikunywa chai yangu huku mtu mwingine akijua kilichomo tumboni mwake. Akishalia, akishasema kwa mdomo wake kwamba kama ipo atazaa, ndipo Mum alipotoa kijiti mfukoni.

Halafu ikaja karatasi. Iliandikwa Kiingereza: nimeshauriwa, nimeelezwa yote, nimeamua kwa hiari yangu. Msichana alitia sahihi, mimi nikatia kama shahidi, Mum akaipiga picha na kuwatumia wafadhili. Nilitia sahihi nyingi sana mwaka ule. Nikizikumbuka, mkono huu natamani kuuchapa.

Kuna mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa amemtoroka kafili, mwajiri aliyemfungia pasipoti, akawa anafanya vibarua vya usafi na kulala mtaa wa Hindawiyah, chumba kimoja na wenzake watano. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa kwetu, aliyebadilisha laini ya simu mara tu alipoambiwa siku zimepita. Nyumbani msichana alikuwa ameacha binti wa miaka sita kwa nyanya yake. Mimba ilikuwa ya miezi miwili. Alilia kidogo, akasema atazaa, akaonyeshwa kijiti. Kabla ya kushika kalamu akauliza swali moja tu.

"Nikizaa hapa, nitaweza kwenda naye home?"

"Mungu hawezi kukupa mtoto akunyime njia," Mum alimjibu. "Hizo papers ni kitu kidogo, mami."

Mimi nilijua si kitu kidogo. Kabla ya Jeddah nilifanya kazi Riyadh, mtaa wa Malaz, na juu ya paa la jumba letu aliishi mwanamke wa kwetu na mwanawe wa miaka mitatu. Mama alikuwa huru kuondoka siku yoyote. Mtoto hakuwa ameandikwa popote, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilidai cheti cha ndoa, na ndoa haikuwepo. Kwa hiyo walikaa paani, wakianika nguo za majirani. Mum alikijua kisa hicho. Nilimsimulia mwenyewe, jikoni kwake.

Tena msichana huyu alikuwa na njia. Siku zile waliotoroka waajiri walikuwa wakijisalimisha kwa idara ya uhamiaji, wanapigwa alama za vidole, wanangoja wiki kadhaa, wanarudishwa kwao. Kwa miezi miwili nani angeona tumbo? Angefika kwa mama yake kabla halijatokeza. Huko angezaa au asingezaa, hilo lilikuwa lake. Alichohitaji ni sentensi mbili: ukitaka kwenda, nenda sasa, ukizalia hapa, mtoto hatapewa ruhusa ya kutoka. Nilikuwa nimeshika birika. Nilimtazama Mum, naye akanitazama kwa jicho nililolijua vizuri. Msichana akatia sahihi. Nami nikatia.

Alipoondoka nilimwuliza Mum mbona hakumwambia. Hakukasirika hata kidogo. Alisema mtu ukimwambia yote anaogopa, na mtu mwenye hofu akifika nyumbani unajua vizuri atakachofanya. Alisema hayo huku akifunika chapati kwa kitambaa, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ametenda mema. Nilisema sawa, Mum, nikaosha vikombe. Ndiye aliyekuwa amenitafutia mwajiri mwema, aliyeniruhusu hata kupumzika Ijumaa, na nilimwogopa. Siku hizi watu wakinisikia nikimsema wananiambia alikuwa na nia njema. Sijali nia yake. Nia yake haikulala Hindawiyah.

Mtoto wa yule msichana alizaliwa katika chumba kilekile cha Hindawiyah, mikononi mwa mwanamke aliyewahi kuona watu wakizaa, basi. Hospitali ilitaka ikama na cheti cha ndoa. Alizaliwa wa kike, mzima. Alipotimiza siku arobaini mama yake alimfunga shuka jipya, akaenda kujisalimisha. Karani wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Aliuliza karatasi za mtoto, akauliza tena, kisha akamweleza kwa Kiarabu kile cha kusemeshwa wafanyakazi ili aelewe: wewe nenda, mtoto mafi, yaani hapana. Angeweza kupanda ndege peke yake mwezi uleule. Akageuka na mtoto wake, akarudi Hindawiyah kwa teksi ya kuchangia.

Habari hizo ziliponifikia nilikwenda kwa Mum. Nilimwambia nilichopaswa kusema siku ile: kwamba alimdanganya, na mimi nikashuhudia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini mtoto si yuko hai?" alisema. "Na mwenyewe alisign."

Kisha akafungua kabati, akanipa mfuko wa nguo nimpelekee. Niliuacha palepale mlangoni kwa Mum. Sikurudi tena katika nyumba ile, na nikisema hivyo naona kama najisifu, maana kuondoka kwangu hakukumsaidia mtu. Ijumaa iliyofuata mwingine alipika chai.

Mkataba wangu ulipokwisha nilipata viza ya kutoka bila shida. Nilikwenda Hindawiyah kumuaga yule msichana na kuchukua gauni la kumpelekea binti yake mkubwa nyumbani, ambaye sasa alikuwa na miaka minane. Kila wiki mtoto huyo alimwuliza kwa simu anakuja lini. Mdogo alikuwa amesimama akishikilia ndoo, anajifunza kutembea. Mama yake alinikunjia gauni, akalitia ndani ya mfuko, kisha akaniuliza bila kunitazama.

"Siku ile kwa Mum. Wewe ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Niliifikiria sentensi hiyo, na ilikuwa tayari mdomoni.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, nipate la kwenda nalo.

"Ungeniambia," alisema, "saa hii ningekuwa home na watoto wangu wote wawili."

Aliniomba nimshikie mtoto avae abaya yake, kwa sababu alikuwa na nyumba ya kusafisha saa nane, na huyo mtoto alikuwa akienda naye.