Binti wa Mwanangwa

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Joto tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Kahama, yakatawanyika bila tone.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, kijana anayetembea na muhuri mfukoni, alipita kunigongea barua ya mjukuu. Bibi jirani akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangwa." Kijana alicheka tu. Mimi nilishika mlango. Kwetu jina hilo lilikuwa la baba.

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo naeleza nilivyosikia, nikikosea mnisamehe. Enzi za watemi, mwanangwa alikuwa mkubwa wa kijiji chini ya mtemi. Aligawa mashamba, alisuluhisha ugomvi, na kodi ya mkoloni aliikusanya yeye pia, ndiyo maana wapo waliompenda na waliomlaani. Baada ya uhuru utemi ukafutwa, na unangwa ukaenda nao. Wazee ndio hawakufuta kitu. Baba alipochaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, huko kwetu Shinyanga vijijini, wakamwita mwanangwa, nami nikatembea kifua mbele kana kwamba nimechaguliwa mimi.

Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walikuwa na sheria: ukipigwa mwano, ule ukelele wa ng'ombe kuibwa, kila nyumba itoe mtu. Asiyetoka anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wala chumvi.

Walipoibwa ng'ombe wa jirani, baba aliuliza mkutanoni, "Nani hakutoka?"

Kimya. Watu wazima wakatazama miguu yao. Mimi, miaka minane, nikapaza sauti: "Shangazi Kabula! Mlango wake ulikuwa umefungwa."

Shangazi, dada yake baba, akasema alikuwa ndani na mtoto mwenye degedege. Baba akasema, "Sheria haina dada." Nimtendee haki: angemwachia yeye, nani angetoka tena kwa ajili ya ng'ombe wa mwenzake? Hata leo sijui.

Kesho yake shangazi alikuja uani na kigae mkononi, kuomba kaa la moto. Mama aliinamia chungu, akajifanya hamwoni.

"Shija, nipe wewe, mama. Mtoto hajanywa uji."

"Umetengwa, shangazi," nikamjibu, wima kabisa, kama ninayejibu swali la mwalimu.

Wiki haikuisha, akabeba mtoto na kwenda Geita kupikia wachimbaji. Mtoto alipona, hilo nashukuru. Yeye hakurudi mpaka msiba wa baba. Alisalimia watu mmoja mmoja, kwa majina yao. Nikapiga goti: "Shikamoo, shangazi."

Akanitazama. "Marahaba, binti wa mwanangwa." Akapita.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kile kimya cha mkutanoni. Wote walijua. Walikuwa wanampa baba nafasi ya kutojua, naye, nadhani, aliuliza akitegemea kutojibiwa. Wazee husema wanangwa wa zamani walikuwa hivyo: mengine waliyaona, wakageuza uso. Kazi hiyo haikuandikwa popote, na mimi niliiharibu kwa kusema kweli.

Jioni tumekula ugali na mlenda. Kiberiti kilikuwa na unyevu, kikagoma mara tatu. Jiko la jirani lilikuwa linawaka. Sikwenda kuomba.