Wasifu wa Mzee Aliyepona

Filister alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo mjini Rongo, na mwaka ule wa 1996 hakuna aliyemfikia kwa kuandaa wasifu wa marehemu. Familia zilimjia mbiombio, maiti iko mochari, matanga yameshaanza. Ndiyo maana baba mkwe wake, Mzee Cephas, alipolazwa akiwa hoi, Filister alimwandikia wake mapema, akaacha nafasi ya tarehe ya kifo tu.

Mzee akapona. Filister akaufuta wasifu ule haraka, moyo ukatulia. Hakujua kwamba kompyuta mpya ya ofisi ilikuwa imejiwekea nakala nyingine kimyakimya.

Mzee alipokuja kuiona hiyo mashine inayosifiwa, Lynnet, mwenye ofisi, alitaka kumfurahisha. Akamwambia kompyuta inaweza kutafuta jina lolote, akaandika "Cephas". Nakala ikafunguka, neno la kwanza "Marehemu".

Mzee alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, hadi mwisho.

Filister alisogea, akabonyeza kitufe cha kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akakubali.

"Imetoka kabisa, Baba."

"Siku ile uliponiletea uji hospitalini," mzee aliuliza kwa upole, "ukanishika mkono ukaniambia nitapona, ulikuwa umeshaandika?"

Filister aliitikia kwa kichwa, macho sakafuni. Baada ya ule wa hospitalini, uongo wa pili ulimshinda.