Chupa Mbili za Shemeji

Mke wangu analisha seli. Mtaani kwetu watakwambia anafanya kazi hospitali, basi. Lakini kazi yake hasa ni kuzibadilishia chakula seli za wagonjwa zinazokuzwa maabara, kwenye vichupa bapa, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Iwe Jumapili, iwe sikukuu, zikikosa chakula zinakufa. Nimekula viporo vingi kwa ajili ya seli za watu, na sisemi kitu. Haya, nasema.

Miongoni mwa seli hizo zilikuwamo za dada yake. Shemeji alipopasuliwa uvimbe, kabla hajatutoka, alikubali mwenyewe kipande kibaki maabara. "Kimenitesa vya kutosha, nacho kikafanye kazi," alisema. Alikuwa na maneno yule! Kila asubuhi mke wangu akifungua kabati anauliza, "Dada, umeamkaje?" Wenzake wakicheka, anawaambia wanyamaze, wagonjwa wamelala. Akiba ya seli zake iliyogandishwa ilikataa kuamka ilipoyeyushwa, zikabaki chupa mbili tu. Hizo ndizo zilikuwa za mwisho za shemeji hapa duniani.

Daktari wa utafiti alizitaka kwa majaribio ya dawa mpya, inayobebwa na chembechembe za dhahabu ndogo mno, ambazo seli inazimeza yenyewe. Kijana mzuri, hana makuu. Ila siku moja hamu ilimzidi, akaanza mapema. Akatia dhahabu kwenye chupa moja, akaenda kunywa chai bila kumwambia mtu.

Sasa, maabarani kuna sheria, na mke wangu ndiye anayeisimamia kwa ukali: chupa ikiwa na maji yenye ukungu, vijidudu vimeingia. Imwagie klorini papo hapo visije vikahamia kwa wengine, pamoja na kila chupa iliyolishwa kutoka chombo kilekile. Akafungua kabati, akakuta chupa ya dada yake ina ukungu. Na hadubini iko hapo hapo mezani, jamani! Ingekuwa ya mgonjwa mwingine angechungulia kwanza, amekiri mwenyewe. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na hakutaka waseme anapendelea ndugu. Akamwaga klorini. Kisha akachukua ya pili, iliyolishwa kutoka chombo hicho hicho, maji yake safi kabisa, nayo akaimwagia.

Daktari aliporudi akauliza ziko wapi. Ukungu ule ulikuwa dhahabu yake iliyoshikamana.

Jioni nilimkuta mke wangu jikoni, mkoba bado begani. Nikamwambia hana kosa, alifuata sheria. "Sheria haikatazi kuchungulia," akasema. Nikamtua mkoba. Roho iliniuma. Yule mwanamke alimzika dada yake mara moja, na sasa alikuwa amemmwaga kwenye sinki.

Simu ikaita. Mama mkwe. Mambo ya dhahabu hayajui. Anachojua ni kwamba kuna sehemu ya binti yake mkubwa bado iko hai, na mdogo mtu anaitunza.

"Mwanangu, dada yako hajambo huko?"

Mke wangu akanitazama. Nikaangalia chini.

"Hajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Miguu ikipona nitakuja. Utanipeleka nimwone, hata kwa mbali?"

"Nitakupeleka, mama," akasema. Akamuuliza miguu inaendeleaje. Akaambiwa inaendelea vizuri, inakaribia kupona.