Mazuri ya Juu ya Gunia

Jumapili ile mzee wa kanisa alihubiri kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa: nje yanapendeza, ndani ni mifupa na uozo. Kwetu Muthetheni msemo huo hauishii kanisani. Mama humtupia hata muuza nyanya anayepanga nzuri juu na mbovu chini. Siku hiyo, mahubiri yalipokolea, Mama alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilikuwa nimetoka Athi River, kwenye kiwanda cha nguo ninakoshona, kuja kumwona. Tuliporudi nyumbani nilifungua gunia la mahindi ambalo mzee huyo huyo alimpa, kwa kuwa ni mjane, baada ya ibada ya mavuno. Juu yalikuwa meupe. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, ukatoka na vumbi la kijani na harufu ya uvundo. Ukambani hakuna asiyejua kwamba mahindi ya namna ile huharibu ini na kuua, hata ukiyaosha na kuyachemsha.

"Mama, umekula haya?"

"Ya juu tu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa nikimwambia, nani atanizika? Yeye ndiye husema nani ako sawa na kanisa. Mimi sitaki kufukiwa kama mbwa."

Hasira zilinipanda, lakini hofu ilizishinda. Ya juu yalikuwa yamegusana na ya chini. Nikaanza kumkagua macho kama yamegeuka manjano. Akanisukuma, akasema yeye si ng'ombe wa mnadani.

Tukiwa bado tunabishana, mzee mwenyewe akapiga hodi. Alikuwa akipita tu. Mama akammiminia chai.

"Mama, yale mahindi yamekusaidia?" mzee akamuuliza.

"Yamenisaidia, mzee. Mungu akubariki."

"Amina. Hata huyu jirani yako mwenye mapacha, jana nimempelekea gunia. Yalikuwa pamoja na yako kwa ghala."

Mama akaweka birika chini.

"Mzee, mahindi yako yameoza. Umepanga mazuri juu."

"Chunga ulimi, mama," alisema kwa upole, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

Mama alikuwa ameshatoka, bila viatu, nami nikamfuata mbio hadi kwa jirani. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Mapacha walikuwa wamekaa mlangoni, wamemaliza kula.