Penseli ya Mchapaji wa Tasnifu

Mchapaji wa tasnifu hakosi penseli nyuma ya sikio. Miaka yote ameipa milinganyo namba kwa penseli, maana profesa akiongeza mmoja tu, kufuta kunaanza upya. Leo mwanafunzi kaingia anahema: "Dada, profesa anataka mlinganyo huu mpya uwe wa tatu, na nakabidhi saa sita!" Na tasnifu ina milinganyo mia na kumi na miwili! Mkono ukaenda sikioni kwa mazoea, ukarudi kwenye kompyuta, kwenye programu mpya ya kuchapia. Akauingiza ule mlinganyo. Namba zote zikasogea zenyewe, hata zilizotajwa katikati ya maelezo. "Makubwa haya!" akaruka kitini. Kisha akaufuta.

"Dada, unafanya nini?"

"Tulia, mdogo wangu. Nataka nizione namba zikirudi zenyewe."